Kila mume akirudi kutoka ziwani ananikuta niko mwezini. Ni majira au ni nini?

Mama Neema wa Kirumba

Habari zenu wapendwa. Naomba ushauri, na mwenye kejeli apite pembeni, leo sina nguvu.

Nina miaka 29, mtoto mmoja wa kike yuko chekechea. Nilimeza majira, vidonge vya kuzuia mimba, miaka mitatu, vile vya paketi ya 28, vyeupe 21 halafu 7 vya kahawia vya kuongeza damu. Sikuwahi kuruka hata siku moja, paketi niliiweka kwenye kopo la sukari ili nikichemsha chai nikutane nayo. Mwezi wa pili tukakubaliana na baba Neema tuongeze mtoto. Nikamaliza paketi, sikurudi kuchukua nyingine. Siku zangu zilichelewa wiki sita, zikaja, na tangu hapo zinakuja vizuri kabisa, siku 29, siku 30, basi.

Sasa ni mwezi wa kumi. Nimepima mkojo mara nne, mstari mmoja. Mara ya mwisho nilikiacha kipimo juu ya ndoo nikaenda kugeuza dagaa juani, niliporudi nikakipeleka mlangoni penye mwanga, nikakilaza hivi, nikakisimamisha hivi. Mmoja tu.

Mama mkwe anasema vidonge vimejikusanya tumboni vikaunguza kizazi. Mfano wake ni wifi yangu wa Sengerema aliyechoma sindano ya kuzuia mimba, alipoacha akakaa karibu mwaka ndipo akashika. Ameniletea chupa ya mizizi, rangi kama chai ya jana, nimeificha chini ya kitanda. Mume wangu hana neno. Yeye ni wa dagaa, yuko kambini kisiwa cha Ukara, nyumbani anarudi mbalamwezi tu. Na bahati yangu ilivyo mbaya, kila akirudi ananikuta niko kwenye siku zangu. Safari iliyopita akanitania, "Mwezi uko juu na wewe uko mwezini." Nikacheka naye, halafu nikaenda kulia jikoni.

Ni kweli majira yanaganda tumboni? Niende kusafishwa kizazi?

Dada wa Mabatini

Pole mwaya. Hiyo chupa mwaga. Yangeganda, mimi nisingekuwa na huyu anayenivuta kanga sasa hivi. Nilienda msibani Magu nikasahau vidonge nyumbani, siku nne tu, na mume wangu alikuja kwenye huo huo msiba. Mengine jaza mwenyewe.

Mzee wa Karabai

Mimi ni mwanaume, naombeni msinifukuze. Nimevua dagaa miaka kumi na moja kabla mgongo haujakataa.

Mama Neema, umeongea jambo kubwa ukalipita haraka. Dagaa anafuata taa. Giza likiwa nene anajaa chini ya taa mpaka maji yanachemka. Mbalamwezi ikitoka, mwanga uko ziwa zima, taa yako haina maana, ndipo tunakunja nyavu na kurudi kwa wake zetu. Kwa hiyo mumeo hachagui siku ya kurudi, anachaguliwa na mwezi. Mwezi wa angani unazunguka siku 29 na nusu. Na wewe umesema wako ni siku 29, siku 30. Mnakwenda sambamba kama mitumbwi miwili ya kambi moja! Ukianza kumpishana, utampishana miezi na miezi. Siku za mwanamke za kushika mimba ziko wapi, hapo sijui, wanaojua waseme.

Nesi wa Igoma

Mzee wa Karabai nakupa kiti cha mbele.

Yai hutoka kama siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Kwa mzunguko wa siku 29 au 30 ni siku ya 15 au 16, ukihesabu kuanzia siku ya kwanza ya damu. Likitoka haliishi zaidi ya siku moja. Mbegu za mwanaume ndizo zinazovumilia, zinaweza kufika siku 5. Kwa hiyo siku zako ni kama kuanzia ya 10 hadi ya 16. Damu ikianza mwezi mpevu, siku hizo zinaangukia giza totoro, baba Neema yuko Ukara anavuta nyavu. Mdogo wangu, miezi yote hiyo ni kama hamjajaribu.

Majira hayagandi. Ukiacha, dawa inatoka mwilini ndani ya siku chache, na wengine hushika kabla hata hawajaona hedhi ya kwanza. Sindano ni habari nyingine, ile uzazi unaweza kuchelewa kurudi hata karibu mwaka, kwa hiyo mama mkwe hajasema uongo kuhusu wifi yako, amechanganya dawa tu. Kusafishwa hakuna haja.

Anza foliki asidi sasa, ile vitamini ya wajawazito, mikrogramu 400 kila siku, usisubiri mimba. Kwa umri wako, mkikutana siku zinazotakiwa mwaka mzima bila kitu, nendeni hospitali. Nimesema NENDENI, wote wawili, na mbegu zake zipimwe. Mwingine: nyie wa ufukweni mnaoshinda majini, pimeni kichocho. Wengi wanadhani ni ugonjwa wa watoto wanaokojoa damu, kumbe unaweza kuumiza hata njia ya uzazi ya mwanamke. Dawa yake ni ya kumeza.

Mama Neema wa Kirumba

Jamani. Nimeshusha kalenda ukutani, huwa naweka alama za peni kwa siku zangu, na siku za baba Neema kufika naandika kwa sababu ya hesabu za pesa. Mwezi wa sita, wa saba, wa nane, wa tisa. Zimekaa pamoja, alama juu ya alama. Nilikuwa naziona kila siku nikipika ugali.

Nimempigia. Kurudi katikati ya giza hawezi, tajiri atampa mtu mwingine nafasi yake kwenye mtumbwi. Basi naenda mimi. Neema atabaki kwa dada yangu Nyegezi, mimi meli hadi Nansio, kisha nivuke.

Dada wa Mabatini

Sasa shoga, usiku si yuko ziwani?

Mama Neema wa Kirumba

Mchana upo. Nimeshamwambia baba Neema, mwenzake anayelala naye kibandani ahamishe mkeka wake siku nne, na yeye lile bati linalovuja aligonge misumari kabla sijafika. Wabeja sana Mzee wa Karabai. Chupa nimemwaga, imeacha doa kwenye sakafu.