MREJESHO: Kutofautisha tashbihi, sitiari, tashihisi na taashira

Habari wakuu. Niliuliza namna ya kumsaidia binti yangu wa kidato cha pili, aliyekuwa akizichanganya tamathali hizi kwenye uchambuzi wa mashairi. Asanteni sana mliojibu.

Kilichofanya kazi ni ule ushauri wa kuacha kukariri fasili na kuibadilisha sentensi moja. "Bahari imetulia kama kioo" ni tashbihi, neno la kulinganisha lipo. "Bahari leo ni kioo" ni sitiari, neno hilo limeondoka. "Bahari imenuna" ni tashihisi, imepewa tabia ya mtu. Alishika palepale, na sasa anatunga mifano yake, jambo lililonifurahisha kuliko alama.

Taashira, yaani kitu kinachosimamia wazo fulani, bado inasumbua. Orodha ya ishara (njiwa amani, nyekundu hatari) haikusaidia, kwani nyekundu shairi hili ni damu, lile ni mapenzi. Afadhali kusoma shairi zima, kisha kutazama kitu hicho kinajirudia wapi. Hapo anapata, si kila mara.

Dada uliyesema tusome kwa sauti, ubarikiwe: takriri (kurudiwarudiwa kwa neno au sauti) anaisikia kabla hajaitafuta.