Shairi gani ukilisikia tu linakurudisha mbali? Tupeane uzoefu

Binti Mwalimu:
Habari zenu wadau, natumaini mko poa. Leo naomba siasa na mpira tuviweke pembeni kidogo. Nataka tuongelee mashairi, lakini siyo ule uchambuzi wa vina na mizani wa kidato cha nne, hapana, nataka kila mtu aseme shairi gani limegusa maisha yake mwenyewe, lilimkuta wapi, lilimsaidia nini, na kama lilimuumiza pia aseme.

Naanza mimi. Mama alipofariki baba alinyamaza. Siyo kwamba hasalimii, anasalimia, anaswali, anakula kidogo, anakaa barazani, ila jina la mama halitaji kabisa na wewe ukilitaja ananyanyuka anaenda kuangalia kuku. Baba ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili, kafundisha Korogwe na Handeni huko, na nyumbani kwetu Shaaban Robert tulimjua kabla hatujajua kusoma. Basi arobaini ilishapita, umeme umekatika, mimi na mdogo wangu tuko nje tunachambua mchele kwa tochi ya simu, tukamsikia baba ndani anaongea. Tukajua kapigiwa simu. Kumbe anasema lile shairi ambalo Shaaban Robert alimlilia mkewe, "Amina umejitenga, kufa umetangulia", ila baba hasemi Amina, anasema Halima, jina la mama. Na linakaa! Ha-li-ma, silabi tatu sawasawa na A-mi-na, mizani haipungui haizidi. Akalisema lote, akarudia, safari hii alipofika pale pa ua kufunga baada ya kuchanua sauti ikakatika, akalia. Toka msiba ndiyo tunamsikia analia. Asubuhi akatuuliza mwenyewe, zile kanga za mama mmegawana vipi, na ile ya bluu nani kachukua.

Hoja yangu ni hii, yale mashairi tuliyokaririshwa kwa fimbo hayakuwa ya umri ule. Yule aliyetuchapa hakujua anatuwekea akiba. Karibuni, nasoma comenti zote.

Mzee wa Kahama:
Pole sana dada. Nimesoma nikiwa kwenye daladala ikabidi niangalie dirishani. Ila mimi mizani imeninyima haki yangu, marehemu kaka yangu anaitwa Emanueli, nimejaribu hapa kumuingiza anabaki miguu nje.

Binti Mwalimu:
Hahaha muite Emanu, inkisari, yaani kufupisha neno, iliwekwa kwa ajili hiyo hiyo.

Kijana wa Shamba:
Mimi langu mnalijua wote mliosoma shule za msingi Tanzania. "Karudi baba mmoja, toka safari ya mbali, kavimba yote mapaja, na kutetemeka mwili." Watu humu huwa wanalirusha wakicheka kukumbuka utoto, mimi lilikuwa linanifanya nitoroke shule. Mzee wangu alikuwa Mererani kwenye machimbo, tunamuona Krismasi, mwaka mwingine hata Krismasi hatumuoni, halafu siku moja katikati ya mwaka akashushwa na fuso njia panda akiwa na kibegi kidogo na miguu imevimba hadi viatu kavifunga kamba kavining'iniza begani. Nikasema moyoni huyu ndiye yule baba wa kitabuni. Wiki ile ile mwalimu ananisimamisha nisome mbele, nikaruka mstari wa mapaja, akanirudisha, nikauruka tena, nikachapwa, sikumwambia kwa nini.

Sasa kwenye shairi watoto wanamuuliza baba yao wanataka mali, na yeye anapata nafasi ya kuwajibu kwamba mali wataipata shambani. Wangu hakupata nafasi hiyo. Alikuwa anaongea mambo yasiyoeleweka, anaita majina ya watu wa machimboni, akaenda. Nilimchukia sana yule baba wa kitabuni kwa sababu yeye alikufa ameshasema lake. Nimekuja kuwa mtu mzima, nimehangaika na mjini, nimeuza mitumba, nimekuwa konda, mwisho nikarudi kwenye lile pori la mzee ambalo ndugu walikuwa wanataka tuuze, na siku ya kwanza nalima nikajikuta nalisema shairi lote kwa sauti, peke yangu, jembe linaenda na mizani. Nikaamua ile kauli naiazima, nachukulia ndiyo aliyotaka kuniambia mzee. Sijui kama hiyo ni kupona au ni kujidanganya, lakini alizeti ninayo ekari za kutosha na usingizi napata.

Mama Nuru:
Kijana wa Shamba umeniliza mchana kweupe niko kazini. Hiyo ya viatu begani aisee.

Dada wa Ilala:
Wangu ni Mwana Kupona na nasema ukweli, chuoni nilimchukia. Utendi wa mwaka 1858, mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu huko Pate, anamuusia binti yake Mwana Hashima, ampepee mume akilala, amtengeneze ndevu, amfukize udi, sisi kwenye semina tukauchana wote ukaisha, nikapata na A. Nikafunga daftari nikajua nimemalizana naye.

Mama yangu alipoanza mionzi pale hospitali ya saratani Ocean Road mimi ndiye nilikuwa namsindikiza, wale mliopita pale mnajua yale mabenchi, unakaa tangu asubuhi na chupa ya chai na shuka la kujifunika maana mgonjwa anasikia baridi hata kwenye jua la Dar. Siku moja akaniambia sogea hapa, chukua kalamu. Nikatafuta karatasi sina, nikageuza bahasha ya eksirei. Na pale pale, bila kuitwa, zikaja zile beti za mwanzo kabisa, "Negema wangu binti", na ile inayofuata, "Maradhi yamenishika, hata yametimu mwaka". Mwaka kweli ulikuwa unakaribia kutimia. Hata Mwana Kupona anamwambia bintiye aje akae na wino na karatasi! Mimi miaka yote nilisoma utendi ule kama orodha ya amri za ndoa, sikuwahi kuona kwamba anayeongea ni mgonjwa anayekimbizana na muda na mtoto wake bado mdogo.

Mama akaniandikisha. Sufuria kubwa lile siyo letu, ni la jirani, lirudishwe. Kwenye kikoba wanaomdai na anaowadai. Mama fulani wa samaki asidaiwe tena, kasamehewa. Wifi yangu nimpende tu hivyo hivyo. Na mwisho akasema, na huyo mumeo usije ukampa hela zako zote. Nikacheka mpaka nesi akachungulia, nikamwambia mama hapo Mwana Kupona umempinga, akasema huyo nani, nikasema mwenzio wa Lamu huko, akasema msalimie. Bahasha ninayo, iko kwenye kabati la nguo. Wasia wa kumtumikia mume bado siukubali, zile beti za mwanzo nazisoma kila ninapomkumbuka.

Binti Mwalimu:
Dada wa Ilala nimesimama kukupigia makofi hapa chumbani peke yangu. "Msalimie"!

Nisiyependa Mashairi:
Samahani nitakuwa tofauti kidogo. Mimi nilipoteza mtoto mchanga, na kilichonichosha kuliko vyote ni mashairi. Msibani mtu kasimama kaghani malaika karudi kwao, ua limechumwa na mwenye bustani, watu wanatikisa vichwa wanasema kweli kabisa, mimi nimelala kwenye mkeka maziwa yananivuja nguo nzima imelowa. Halafu kuna ndugu akawa ananitumia shairi la faraja kwenye simu kila alfajiri, kila alfajiri jamani, yote mazuri, yote yana vina. Nilijiona kama nakosea kulia kwa sababu mashairi yote yalikuwa yameshakubali na mimi bado sijakubali. Kilichonisaidia ni mshauri nasaha wa hospitali, na dawa nilizoandikiwa, na dada mmoja aliyekuwa anakuja kufua bila kusema kitu. Siwakatazi, endeleeni, nimesoma zote na nimefurahi, ila mkiwa na mfiwa msimrushie mashairi hovyo, muulizeni kwanza.

Binti Mwalimu:
Pole mno, na asante kwa kusema. Nafikiri tofauti ni nani analileta. Baba alilitafuta mwenyewe, na gizani, hakujua kama tunamsikia. Ningekuwa mimi nimemsomea siku ya tatu nadhani angeenda kwa kuku.

Nisiyependa Mashairi:
Na mimi ningeenda naye.

Mwana wa Mvita:
Salamu kutoka Mombasa. Langu ni "Siwati" la Abdilatif Abdalla, "Siwati nshishiyelo", yaani siachi nililolishika. Kwa msiomjua, huyu bwana alifungwa 1969 hadi 1972 kwa kuandika kikaratasi cha kuuliza Kenya twendapi, akatiwa peke yake, na huko ndani akawa atunga mashairi akiyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Yakatoka kitabu mwaka 1973, Sauti ya Dhiki. Mwalimu wetu wa Kiswahili alikuwa ayapenda mno, alitufanya tuyahifadhi yasiyokuwa hata kwenye mtihani, tukimlaani.

Yaliyonipata mimi si ya siasa wala si ya kishujaa. Pesa zilipotea kazini, mwenye kazi akanitaja mimi, nikapelekwa korokoroni na dhamana ikanishinda, familia haina hati ya kuweka. Rumande jamaa wote ushauri wao ni mmoja, kubali kosa, upigwe faini, ujiendee zako nyumbani. Hata ndugu zangu walikuja kuniambia hivyo hivyo, mke amechoka, kodi ya nyumba imesimama. Na n'likuwa nimeshaanza kulegea, wallahi. Usiku hakuna kulala mle, watu mmepangwa ubavu kwa ubavu, mmoja akigeuka nyote mwageuka. Ndipo likanijia, nikaanza kulisema polepole, siwati nshishiyelo, siwati, kwani niwate? Mzee mmoja wa Kwale pembeni akauliza hilo ni dua gani? Nikamwambia ni shairi, akasema sema tena. Ikawa ndiyo desturi, taa zikizimwa, "haya mwalimu, lete siwati". Vijana wa bara hawajui neno hata moja la Kimvita lakini kibwagizo wamekishika. Sikukubali kosa. Kesi ilikuja kutupwa kwa kukosa ushahidi, ilichukua muda, kazi sikurudishiwa. Yule mzee sijui aliishia wapi. Siku hizi nikilisoma kimyakimya halina ladha, ni lazima nilitoe mdomoni.

Mzee wa Kahama:
Mkuu heshima kwako. Kumbe mwalimu wako hakuwa mwehu.

Lamu hadi Maskati:
Mimi ni mfupi. Nilizaliwa Lamu, niko Muscat miaka mingi. Bibi yangu alikuwa akiiimba Al-Inkishafi, utenzi wa kale, akisuka makuti, yale ya mji wa Pate ulivyokuwa na matajiri wake na ulivyokuja kuwa magofu, popo na buibui, na pale pasemapo "Madaka ya nyumba ya zisahani, sasa walaliye wana wa nyuni", yaani zilimopangwa sahani sasa wamelala makinda ya ndege. Utotoni nilidhani ni hadithi ya kutisha. Nilipokwenda likizo nikakuta nyumba ya bibi imefungwa, wenye nayo wamegawanyika, wako Jeddah, wako Mombasa, nikafunguliwa na jirani. Zile zidaka za ukutani alizokuwa akipanga sahani zake, kimoja kilikuwa na kiota. Sikulia, nilicheka, nikasema bibi ulinambia. Nimeanza kuchangisha ndugu tutengeneze paa, na wengi wameitikia, ingawa kuna mmoja Dubai akiona ujumbe wangu husoma akanyamaza.

Mama Nuru:
Sasa sisi ambao shuleni tulikuwa tunasinzia, hatuna shairi hata moja kichwani, tunaanzia wapi? Nikisoma naona maneno magumu tu.

Mwana wa Mvita:
Usisome kwa macho dada. Tenzi hizi ziliimbwa, kila moja ina mahadhi yake, na ukiimba hata neno usilolijua hupita. Tafuta mzee kwenu, bibi au shangazi, mwambie akuimbie, umrekodi kwa simu. Muulize pia nani alimfundisha, hapo ndipo utapata mambo.

Kijana wa Shamba:
Mimi nina ombi tofauti, kuna ubeti mmoja katikati wa Karudi Baba nikifika hapo huwa naruka, siyo kwa kulia sasa hivi, nimeusahau kweli. Mwenye kitabu cha zamani apige picha aweke hapa.

Binti Mwalimu:
Nitamuuliza baba, hicho hakosi, labda panya wamewahi.

Chausiku wa Tandale:
Samahani nimechelewa kuingia. Langu siyo la kitabuni, ni wimbo wa taarabu wa zamani, je unaruhusiwa au mtanifukuza?

Binti Mwalimu:
Ruksa kabisa, taarabu ni shairi lililopata fidla. Mwaga.

Chausiku wa Tandale:
Sawa, nitaandika usiku nikishafunga duka maana ni ndefu, na pia nifikirie majina ya kubadilisha, kwa sababu mume wangu wa kwanza yumo humu humu na ameshachangia.

Mzee wa Kahama:
Siyo mimi.