Kanga za marehemu mama: vipande vya mfarishi vinavuta nikividarizi kwa mashine

BintiPangani
Habari zenu mafundi. Naomba mnivumilie, nitaandika kirefu.

Mama alifariki mwaka jana. Baada ya arobaini tuligawana vitu vyake, mimi nikaomba kanga tu. Nimepata doti tisa, nyingine zimefuliwa mpaka zimelainika kama nepi ya zamani. Nataka kushona mfarishi, lile tandiko la vipande lenye pamba katikati, wa kitanda cha futi tatu na nusu kwa sita, alalie mwanangu, aliyepewa jina la bibi yake.

Nina mashine ndogo ya kudarizi ya nyumbani, fremu yake ni sentimita 13 kwa 18. Kila kipande nakidarizi kikiwa na pamba na bitana humo humo kwenye fremu, halafu nitaviunga kwa cherehani ya kawaida. Nimepiga hesabu: vipande 84, saba kwa upana na 12 kwa urefu, kila kimoja sentimita 15 kikishaungwa.

Nimejaribu vitatu kwa ile kanga iliyochanika pindo. Nilikata 16.5 kila upande. Kimoja kimetoka 16, kingine 15.7, cha tatu upande mmoja umejipinda. Ua nililoweka ni waridi la kujaza nyuzi, mishono 11,000, na katikati pamekuwa pagumu kama kola ya shati. Sitaki kugusa kanga nyingine mpaka nijue nakosea wapi. Hizi nikiziharibu sina pa kuzinunua.

Na linaloninyima usingizi ni majina, yale maneno yaliyoandikwa kwenye kanga. Kanga yenye WEMA HAUOZI ndiyo aliyokuwa akijitanda kila akienda sokoni. Nataka jina lisomeke, lakini ni refu kuliko fremu. Nilikate vipande?

FundiChumbageni
Pole sana dada, Mungu amrehemu mama.

Jina usilikate. Weka mkasi chini kwanza tuzungumze.

Kipande kinapungua kwa sababu kila mshono unavuta kitambaa kidogo upande wake. Mishono 11,000 kwenye eneo la kiganja, juu ya kanga iliyokwisha nguvu, lazima ivute. Pia nadhani uliibana kanga yenyewe kwenye fremu ukaikaza. Ikikazwa inatanuka, ikitolewa inarudi, na darizi inabaki imeishikilia vibaya. Ndiyo maana upande ukapinda.

Fanya hivi. Kanga ipige pasi na gamu (kitambaa cha kugandisha kwa pasi) nyembamba kabisa kwa nyuma, ile ya blauzi. Ya kola itakurudisha kwenye ugumu ule ule. Kata sentimita 19. Kwenye fremu bana bitana peke yake, juu yake laza pamba, kisha kanga, bila kuvuta. Piga bandi (mishono mirefu ya kushikiza kwa muda) kuzunguka, ndipo udarizi. Kikishatoka kwenye fremu, weka rula, pima kutoka katikati ya ua, punguza mpaka 16.5. Kipimo cha mwisho kinakuja baada ya darizi, kamwe si kabla. Mimi nilipoteza shuka zima la mteja kabla sijalielewa hili.

Waridi liache. Tafuta ua la mstari mtupu, upana usizidi sentimita 12, mishono 1,500 hivi inatosha. Kanga ina maua yake tayari. Darizi kazi yake hapo ni kushika pamba isitembee. Sindano weka namba 14, na uzi wa chini ufanane na bitana maana nyuma kutaonekana.

Sasa jina. Kanga ina upana wa kama mita moja na nusu, kwa hiyo unapata mkanda mmoja mzima wa sentimita 106.5 kwa 16.5, jina likiwa katikati, bila kiungo chochote. Uweke mahali pa safu moja. Vipande vinabaki 77. Mkanda huo usiupeleke kwenye mashine ya kudarizi; pitisha mistari miwili kwa cherehani ya kawaida, mmoja juu ya herufi, mmoja chini.

MamaWawili_Mwanza
Pole mdogo wangu. Fundi kasema vizuri, ila kwenye bitana tunatofautiana. Ukiunga vipande vyenye bitana tayari, mishono ya nyuma inakuwa minene na mtoto ataisikia mgongoni. Kama utafuata njia hiyo, punguza pamba yote kwenye ukingo kabla ya kuunga, kisha funika kila kiungo kwa utepe.

Mimi hubana kitambaa chepesi cha pamba badala ya bitana. Nikishaunga vyote, natandika shuka moja zima nyuma na kulishikiza kwa fundo kwenye kila kona ya kipande.

Umeme ukikatika katikati ya ua, usitoe kitu kwenye fremu. Andika namba ya mshono iliyopo kwenye kioo kila baada ya dakika chache, ukirudi unaanzia hapo.

BintiPangani
Ahsanteni sana, nimesoma huku machozi yananitoka. Jana usiku nimejaribu kwa kanga ile ile iliyochanika: nimekata 19, nimebana bitana peke yake, ua la majani mishono 1,340. Nimepunguza asubuhi kwa mwanga wa dirishani. 16.5 pande zote nne, na ukikikunja kinakunjika.

Dada, nitafuata njia yako ya shuka moja. Mkanda wa jina nimeshaupima mara tatu kwa chaki. Kesho dada yangu mkubwa anakuja, nataka tuukate wote wawili.