Kriminolojia: baba anasema nitaishia kukimbiza wezi. Nimjibu nini?

BintiNgamiani:
Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo. Nipo Tanga, Ngamiani. Nimemaliza kidato cha sita, HGL (historia, jiografia na Kiingereza), matokeo si haba, na roho yangu iko kwenye kriminolojia, ile elimu ya uhalifu na wahalifu. Tatizo baba. Jana barazani, kikombe cha kahawa mkononi, akaniuliza mbele ya wazee wenzake: "Miaka mitatu yote kusomea wezi, si uende depo ya polisi Moshi ukaanze mshahara?" Wazee wakacheka, mimi nikakosa jibu. Hivi hii kozi inampeleka mtu wapi?

MzeeWaRaskazone:
Baba yako anajua hesabu, binti. Haya, waje wenye kozi yao.

KigodaChaUani:
Mwanangu, mimi ni afisa probesheni, mkoa siutaji. Digrii yangu ni sosholojia. Kriminolojia niliisoma humo kama somo tu, na ndilo linalonilisha mpaka leo. Mtu akishapatikana na hatia, hakimu anaweza kutaka kumjua kabla ya kutoa adhabu, basi naenda kwao. Juzijuzi nilikalishwa kigoda uani kwa mama mmoja, kijana wake kaiba pampu ya maji ya jirani. Mama anaongea huku anachambua mchele, usoni haniangalii. Nikatoka hapo kwa mjumbe, kisha kwa mwenye pampu, na huyo ndiye alikuwa mgumu kuliko wote: ripoti yangu ya nini, yeye anataka pampu yake. Nikaandika kwamba kijana anafaa kutumikia adhabu akiwa nje. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inaruhusu hilo kwa makosa ambayo kifungo chake hakizidi miaka mitatu. Sasa anafyeka nyasi zahanati, na mwenye pampu hupita kumchungulia. Kijana akichelewa, simu ya kwanza naipata kwake!

Mwambie baba wezi hatuwakimbizi, tunakaa na mama zao.

FailiLaAjira:
Hadithi nzuri, ila mtoto asije akalia baadaye. Tangazo la kazi lenye neno "kriminolojia" utalitafuta sana. Kabla hujaomba chuo, ingia Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, tafuta na matangazo ya zamani ya TAKUKURU, Magereza na Uhamiaji, uandike kwenye daftari digrii zinazotajwa kwa jina. Ya kwako isipokuwemo, utabaki kujieleza dirishani. Mimi ningesoma sheria au sosholojia kwanza, kriminolojia ikaja kwenye uzamili. Na usiwaze vibaka tu. Tangu 1939 Edwin Sutherland, mwanasosholojia wa Marekani, aliwaambia wenzake kwamba wenye suti nao ni wahalifu. Mabenki yanahitaji watu wa kunusa hao, lakini huko bila uhasibu unapotea.

Mikanjuni_Damu:
Kama kilichokuvuta ni vinasaba vya kwenye tamthilia, kwa HGL yako sahau. Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali ni kemia na baiolojia.

BintiNgamiani:
Asanteni sana. Vinasaba sina habari navyo, mimi nimependa hiyo ya kigoda. Daftari nimeanza, sosholojia naiona mara nyingi. Nimemsomea baba habari ya pampu, kasikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, kisha akauliza: "Na mwenyewe alirudishiwa?"

KigodaChaUani:
Alirudishiwa. Mpira wake wa maji ndio haujaonekana mpaka leo.