Tupeane uzoefu: Gombe, Ujiji na fukwe za Kigoma, mgeni ajipange vipi?

Mwisho wa Reli (mleta mada)
Wadau, likizo inakaribia na wageni wanakuja Kigoma na ratiba ya kukimbizana na saa. Huku Ziwa Tanganyika ndilo linalopanga. Tuwekeane yanayomsaidia mtu kweli. Naanza na usafiri wa Gombe, hifadhi ya taifa yenye sokwe.

Hifadhi iko takriban kilomita 16 kaskazini mwa mji na barabara haifiki, ni boti tu. Ya kukodi mnaelewana bei, inawapeleka Kasekela, kituo cha wageni ndani ya hifadhi, asubuhi na kuwarudisha siku hiyo hiyo. Ya abiria, pale mwalo wa Kibirizi, ni nafuu mno, ila ielewe kwanza: asubuhi inaleta watu na mizigo kutoka vijiji vya kaskazini, mchana inawarudisha wakishamaliza soko. Kwa kuwa inashusha kijiji kwa kijiji, safari huchukua saa 3 hadi 4. Utafika Kasekela jioni, sokwe utawafuata kesho yake, na boti ya kurudi mjini inapita asubuhi na mapema. Maana yake ni kulala mara mbili. Anayepanga kulala mara moja huishia kukodi boti ya dharura kwa bei atakayotajiwa. Jumapili usizitegemee kabisa.

Jaketi okozi liombe kabla hamjaondoka mwaloni, na ulivae.

Mkakombe
Naongezea ya huko ndani. Malipo ya hifadhi yamalize mjini, si kwa fedha taslimu. Mtanzania abebe kitambulisho, maana bila hicho hana cha kuthibitisha kwamba anastahili tozo ya wazawa.

Sokwe hujenga viota vipya kila jioni. Watafutaji huwafuata hadi wanapolala, ndiyo maana mnaondoka asubuhi mapema kuelekea palepale walipoachwa jana. Ukichelewa, wameshahama na mlima unabaki wako. Na mlima wenyewe ni mkali: ziwa liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari, kingo za juu zinakaribia mita 1,500. Vaa suruali ndefu na viatu vyenye meno, beba maji lita 2. Kiangazi, hasa Julai hadi Oktoba, njia ni kavu. Masika udongo unateleza vibaya.

Mkiwapata mna saa 1. Kaeni mbali mita 10 au zaidi, msipige picha kwa mwanga wa flashi, msile mbele yao. Mwenye mafua au kikohozi abaki chini, na hapa naomba tusioneane aibu. Maradhi yetu yanawaua. Mwaka 1966 polio iliwapiga sokwe wa Gombe, wengine wakafa na wengine wakabaki vilema.

Nyani wa Kasekela nao ni wezi hodari. Funga mlango wa chumba, usitembee na ndizi mkononi.

Bi Mwanga
Shikamooni wakubwa. Na mwenye watoto wadogo je? Na kuogelea ni salama?

Mwisho wa Reli
Marahaba. Watoto wadogo hawaruhusiwi kufuata sokwe, kwa hiyo wapeleke Ujiji na ufukweni.

Mvuvi wa Katonga
Kuhusu kuogelea, dada, chagua ufukwe wenye mchanga au mawe na maji maangavu, mbali na makazi, kama Jakobsen kule upande wa Katonga. Epuka penye matete na midomo ya mito: konokono wa kichocho hukaa kwenye majani. Mtu akiwa ameoga penye shaka, apime baada ya wiki 6 hadi 8. Akipima mapema mno minyoo haijaanza kutaga, majibu yatasema mzima kumbe anao.

Kina nacho hushuka ghafla hatua chache tu kutoka ukingoni, kwa hiyo mtoto asiachwe hata penye maji ya magotini. Upepo wa kusi ukivuma, Mei hadi Agosti, mawimbi hukua. Nahodha akisema leo hapana, msimbembeleze. Kuhusu mamba, waulizeni wenyeji wa ufukwe huohuo, si dereva wa bajaji.

Mkakombe
Ujiji haifiki kilomita 10 kutoka mjini, daladala zipo. Penye kumbukumbu ya kukutana kwa wapelelezi Livingstone na Stanley (1871) kuna miembe inayotajwa kuwa uzao wa mwembe wa zamani waliokutana chini yake. Wengi hushangaa mbona ziwa liko mbali. Wakati ule maji yalikuwa juu zaidi. Mto Lukuga, unaotoa maji ziwani upande wa Kongo, ulipofunguka mwaka 1878 hivi, ziwa likashuka mita kadhaa. Mweleze mtoto hilo palepale, kisha mteremke hadi mwaloni mkaone mafundi wanavyounda mitumbwi ya mbao. Kabla ya kupiga picha omba ruhusa kwa fundi mwenyewe.