Tupeane uzoefu: kompyuta na intaneti kwenye shule zetu za vijijini

Mwalimu wa Kata, Kigoma
Wakuu, habari za majukumu. Shule yetu imeletewa kompyuta, umeme wa REA (Wakala wa Nishati Vijijini) upo, ila mtandao mpaka usimame juu ya kichuguu nyuma ya bweni. Sitaki ziishie kufunikwa vitambaa ofisini kwa mkuu wa shule. Mliotangulia, mmefanyaje?

Ticha Fizikia, Songea
Mkuu, usisubiri mnara. Tafuta Raspberry Pi, kompyuta inayoenea kiganjani, uiwekee Kolibri na Kiwix, programu za bure za kusomea masomo na vitabu bila intaneti. Inarusha Wi-Fi yake yenyewe, watoto wanafungua Wikipedia ya Kiswahili na masomo ya Khan Academy bila hata senti ya bando. Umeme inaokula ni wati chache tu, sola ndogo na betri vinaitosha. Maudhui mapya napakua mjini wakati wa likizo.

Maabara hatuna. Nikawawekea jaribio la saketi la PhET, yaani majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye kompyuta. Binti mmoja wa kidato cha pili, mkimya sana darasani, aliunganisha balbu akabadilisha weee, mwisho akaja kuniuliza: mbona ukizipanga mfululizo mwanga unafifia? Swali hilo nilikuwa nikilifundisha kwa chaki miaka yote na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Angalizo: umeme ukikatika ghafla kadi ya kumbukumbu inaweza kuharibika. Uwe na nakala ya pili.

Mzazi wa Bodi, Kitui
Huku Kenya tulipata tableti za serikali za darasa la kwanza, ule mradi wa 2016. Masomo yalikuwa ndani tayari. Kilichokwama ni mafunzo ya walimu, yalikuwa mafupi mno. Starlink, intaneti ya setilaiti, ilipoingia nchini 2023, tukafanya harambee tukanunua dishi. Kununua si shida jamani, shida ni bili ya kila mwezi! Harambee haifanywi kila mwezi. Siku hizi bili iko kwenye bajeti ya shule kabla mwaka haujaanza, na walimu hupakua video usiku, mchana watoto wazitazame bila kung'ang'ania laini moja.

Fundi Sola, Dodoma
Naongezea mawili. Waya wa ethi, unaopeleka umeme wa ziada ardhini, ni muhimu kabla ya masika. Shule moja niliyoitwa, radi ilipita na ruta na swichi zote kwa sababu waliofunga hawakuweka. Pili, nenosiri liandikwe kwenye daftari la mali za shule. Nimekuta chumba kizima cha kompyuta kimefungwa, mwalimu aliyekuwa nalo kahamishwa mkoa mwingine na simu hapokei.

Mwalimu wa Kata, Kigoma
Shukrani sana. Ticha, vitabu vya TIE (Taasisi ya Elimu Tanzania) vinakaa humo pia?

Ticha Fizikia, Songea
Vile vya PDF vinakaa vizuri. Tafuta kadi ya GB 128, nitumie kwa basi nikunakilie kila kitu.