Laptopu ya steshenari, Windows 10 ndo basi tena, nianze na Linux gani?

binti_makorora

Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada ila kwa lugha ya mtu asiyejua, maana nishauliza kwingine nikajibiwa mpaka nikajiona mjinga.

Nna kisteshenari changu hapa Makorora, Tanga, kopi, kuprinti, kuchapa barua, kadi za harusi, na msimu ukifika wanafunzi wanakuja kujaza maombi ya mkopo. Kompyuta ziko mbili. Moja haina neno. Ya pili ni laptopu ya mtumba, i3 ya kizazi cha tano, RAM 4GB, hadi diski 500GB ile ya kuzunguka, ina Windows 10. Toka Oktoba 2025 hiyo Windows haipati tena apdeti za bure, nimejaribu kwenda 11 ikanambia mashine yako haifai. Haifai vipi wakati inanilisha?

Ila kilichonichosha hasa ni flashi za wateja. Juzi kaja mwalimu na mtihani anataka kopi themanini, kuchomeka tu folda zote zimegeuka shortcut, mtihani hauonekani, mwalimu jasho linamtoka na mie linanitoka. Kufika jioni flashi yangu na za wateja wawili waliofuata zote zina ugonjwa ule ule. Mtoto wa shangazi anasoma chuo Dar kanambia dada weka Linux usahau hayo. Namuuliza ipi, kanitajia Ubuntu, Mint, Fedora, Zorin, Debian na nyingine sikuidaka, halafu salio likamwishia.

Sasa ipi ndo ya mtu anayeanza? Na printa yangu itakubali? Na Word je? Bando langu si la kuchezea, sitaki kudaunlodi tatu ndo nigundue ya kwanza ilikuwa inatosha.

fundi_wa_13

Pole dada. Nipo barabara ya 13 Ngamiani nafanya kazi hizi, ntakujibu kama mteja aliyekaa kwenye benchi langu.

Kwanza hayo majina yasikutishe. Linux yenyewe ni kile kiini tu cha ndani cha mfumo unaoendesha kompyuta, mahali pa Windows, alikianzisha kijana wa Finland, Linus Torvalds, mwaka 1991. Muhogo ni ule ule, huyu kasaga bada, huyu kaupika na nazi, huyu anakaanga pale stendi. Distro ndo hayo mapishi. Ubuntu imetokana na Debian, Mint imetokana na Ubuntu, kwa hiyo hapo kwenye orodha yako tatu ni bibi, mama na mjukuu, ukijua moja umeshajua robo tatu ya nyingine.

Kwa laptopu hiyo chukua Linux Mint, lakini iangalie vizuri wakati wa kudaunlodi maana ziko aina tatu, Cinnamon, MATE na Xfce. Wewe chukua Xfce. Ndo nyepesi kuliko zote tatu na kwa RAM 4GB utashukuru. Menyu iko chini kushoto kama ulivyozoea, saa kulia, faili unazifungua kwa kubonyeza mara mbili, mtu hata hajui kama si Windows mpaka umwambie. Faili lake ni kama GB 3 hivi, mara moja tu. Toleo la 22 litapata apdeti mpaka 2029 kwa hiyo huna haja ya kubadilisha kila mwaka.

Ubuntu yenyewe ni nzuri sitaisema vibaya, ila ile sura yake ya sasa inakula RAM, kwa 4GB ukifungua brauza na tabu tano utaenda kununua andazi urudi ndo inamaliza kufikiri.

Halafu hilo la flashi. Virusi vile vya shortcut vimeandikwa kwa ajili ya Windows, kwenye Linux havina pa kushika. Ukichomeka flashi yenye ugonjwa utaona vitu viwili, zile shortcut za uongo zenye mwisho wa .lnk, na pembeni mara nyingi kuna folda ambayo jina lake ni kama hewa tu, nafasi tupu. Fungua hiyo folda, mtihani wa mwalimu umo humo mzima, wala haukufutika ulifichwa tu. Toa vitu weka nje, futa shortcut, futa na vile vifaili vya ajabu vya .vbs, mrudishie mtu flashi yake safi. Mi hiyo kazi naitoza hela ya soda.

archi_baharini

Mint ni ya watoto. Weka Arch utajifunza Linux yenyewe kuanzia chini, unainstoli kila kitu mwenyewe kwa kuandika amri

fundi_wa_13

Mgosi dada kasema ana wateja dirishani

mzee_wa_raskazone

Huyo wa Arch muacheni, wote tumepita huko. Mi nilianza na Ubuntu 2008, wakati ule walikuwa wanatuma CD bure dunia nzima, unajaza anwani kwenye tovuti yao unasubiri, siku moja napita posta nakuta bahasha yangu kutoka Ulaya, nyumbani wakadhani nimepata udhamini wa masomo. Walisitisha 2011. Na hilo jina mwanzilishi wake Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini hakuhangaika nalo, ubuntu ni utu huu huu wetu.

Baada ya hapo nikaanza ugonjwa wa kubadilisha, leo Fedora, wiki ijayo openSUSE, mwezi ujao kitu nimekisoma mahali, kwangu distro zikawa waja leo waondoka leo. Miaka miwili nimepoteza kuhamisha faili huku na kule na kazi niliyoifanya kwa kompyuta ni ile ile, barua na mahesabu. Sasa ukiniuliza mimi distro bora kwa anayeanza ni ipi nakwambia ile anayoitumia jirani yako. Sitanii. Siku wifi ikipotea saa mbili asubuhi na foleni iko mlangoni, hutasaidiwa na distro nzuri, utasaidiwa na mtu anayeweza kuja na baiskeli akasema hii ilinitokea na mimi bonyeza hapa. Fundi wa barabara ya 13 anatumia Mint na wewe uko Makorora, mjadala umeisha. Angekuwa anatumia Fedora ningekwambia weka Fedora.

mwl_pongwe

Naomba niongeze kwenye Word na kuprinti maana mimi ndo wale walimu wa mitihani, nisameheni mapema kwa urefu.

Word yenyewe haipo Linux. Kuna LibreOffice, inakuja humo humo huilipii, inafungua docx na kuhifadhi docx. Barua, CV, mitihani, sawa kabisa. Shida inakuja kwenye fonti. Fonti za Microsoft kama Times New Roman na Calibri hazimo, badala yake unawekewa za kufanana, Liberation Serif kwa Times na Carlito kwa Calibri, na hizo wamezipima herufi kwa herufi upana ule ule ili mistari isihame. Ila nilikuwa na mtihani wenye majedwali ndani ya majedwali na picha ya moyo wa chura imebandikwa katikati, nilipoufungua chura alikuwa kahamia ukurasa wa pili na swali la 7 limebaki linauliza kuhusu nafasi tupu. Toka siku hiyo kitu cha kuprinti tu nawaambia watu waje nacho kwa PDF. PDF haihami popote. Wewe bandika karatasi ukutani kabisa, KAZI YA KUPRINTI LETE PDF.

Kadi za harusi hapo sasa uwe makini. Kama unazitengenezea Publisher, ile programu ya Microsoft ya kupanga kurasa, LibreOffice inaweza kufungua faili za Publisher lakini haihifadhi kwa mtindo huo, na maua yatatawanyika. Kwa kuwa una kompyuta mbili, kadi ziache kwenye ile yenye Windows usijitafutie ugomvi na mama wa bibi harusi.

Maombi ya mkopo, ajira, mambo ya kodi, hayo yote ni brauza tu. Firefox imo tayari.

Na kitu kidogo lakini mi kilinifurahisha, LibreOffice ina kamusi ya Kiswahili ya kukagua tahajia, ukiipakia barua ya Kiswahili haigeuki yote mistari myekundu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikuwa na mradi wa Kilinux ambao 2004 ulitoa OpenOffice iliyotafsiriwa, ndo iliyoizaa LibreOffice, ikaitwa Jambo OpenOffice, kwa hiyo hii safari ya Kiswahili humu ndani si ya jana.

binti_makorora

Mwalimu nimecheka chura mpaka mteja kaniuliza kuna nini. Asanteni jamani. Sasa printa hamjanijibu, na nikiiweka si inafuta kila kitu? Nna kazi za watu humo za miaka mitatu.

fundi_wa_13

Hapo ndo utamu dada, haifuti chochote mpaka wewe useme. Tafuta flashi tupu ya 8GB, kwenye Windows yako hiyo hiyo tumia programu inaitwa Rufus, inalipakia lile faili la Mint kwenye flashi (flashi itafutwa yote, zingatia). Kisha zima laptopu, washa huku unagonga kitufe cha kuchagua pa kubuti, yaani iwake kutokea wapi, HP mara nyingi F9, Dell na Lenovo F12. Mint itawaka kutokea kwenye flashi, hadi diski haijaguswa. Inakuwa nzito kidogo kwa sababu inasoma kwenye flashi, usiihukumu kwa hilo.

Ikishawaka hivyo ndo ufanye mtihani wako wote. Chomeka printa, printi kurasa mbili, skani kitambulisho, jaribu sauti, wifi, ongeza na kupunguza mwanga wa skrini. Printa nyingi inazijua yenyewe, ila zipo printa ndogo za leza ambazo draiva yake ya Linux, ile programu ya kuzielewanisha na kompyuta, ni mateso, nshakaa na moja siku nzima nikaishia kumwambia mteja ukweli. Bora ulijue hilo kabla hujafuta kitu. Ikigoma, unazima, unachomoa flashi, Windows yako iko pale pale.

Wifi isipoonekana usilie. Chukua simu, chomeka kwa waya wa USB, washa ile ya kugawa intaneti kwa USB, Mint itapata mtandao papo hapo kwa bando lako la simu, halafu fungua sehemu ya madraiva itakutafutia ya wifi.

Na kabla ya yote hizo kazi za miaka mitatu zihamishie kwenye hadi diski ya nje. Usiniambie utafanya kesho.

mzee_wa_raskazone

Na ukizima Windows kabla ya kujaribu, shikilia Shift ndo ubonyeze kuzima. Ukiizima kawaida mara nyingi huwa inalala nusu tu ili iwake haraka kesho yake, na Linux ikikuta diski iko hivyo inakataa kuandika humo. Nililiona hilo baada ya kumlaumu kila mtu.

archi_baharini

Sawa nimeshindwa. Ila dada ukipata vihela nunua SSD, ile diski isiyozunguka, hata ya 120GB weka badala ya hiyo diski ya kuzunguka, utaona tofauti kubwa kuliko kubishana distro wiki nzima. Hili hata fundi hatabisha

fundi_wa_13

Sibishi

binti_makorora

Nimerudi, siku tatu baadaye. Nimefanya jana usiku baada ya kufunga duka, mume wangu kashika tochi maana umeme ulikata katikati, bahati laptopu ina chaji. Mint imewaka kwenye flashi. Wifi haikuonekana kweli, nikachomeka simu kama ulivyosema ikatokea. Printa imeprinti kurasa ya kwanza nikapiga vigelegele, ya pili pia. Kuskani ndo imegoma, printa inaonekana lakini ukibonyeza skani inasema hakuna kifaa.

Na nimechomeka ile flashi yenye ugonjwa. Folda isiyo na jina hiyo hapo! Nimefungua, mtihani wa Kidato cha Pili umo wote, nikampigia mwalimu saa nne usiku kadhani kuna msiba.

Sijainstoli bado, naogopa ile hatua ya kugawa diski, kuna mahali imeniuliza kama nataka kufuta yote au ikae pamoja na Windows nikazima haraka.

fundi_wa_13

Umefanya vizuri kuzima. Kuskani kuna programu ndogo ya kuongeza kulingana na aina ya printa, niandikie namba ya printa iko kwenye kibandiko nyuma. Diski usiguse peke yako mara ya kwanza. Jumamosi baada ya adhuhuri nipo, njoo na laptopu, chaja yake, na hiyo hadi diski ya nje nione kwa macho yangu kwamba kazi za watu zimo.

binti_makorora

Chaja ntakuja nayo. Hadi diski ya nje… ngoja nianze kuhamisha sasa hivi.